Fomu Inapojazwa Vibaya: Mhadhara kuhusu Uhakiki wa Fomu za Wavuti

Waheshimiwa wahadhiri, ndugu wanafunzi,

Nimeombwa nizungumzie zoezi ambalo karibu kila anayejifunza kutengeneza kurasa za wavuti hulipitia, nalo ni fomu ya kujisajili: jina, baruapepe, nambari ya simu, nenosiri, na nenosiri lile lile kwa mara ya pili. Zoezi hili huonekana dogo, na kwa sababu hiyo wengi hulifunga mapema mno, mara tu rangi zinapopendeza na kitufe kinapobonyezeka. Rai yangu ni kwamba fomu haipimwi kwa jinsi inavyompokea aliyejaza sawasawa, kwa kuwa huyo hahitaji msaada wetu. Hupimwa kwa jinsi inavyomhudumia aliyekosea.

Fomu ziliingia katika viwango vya HTML 2.0, toleo la lugha ya kuundia kurasa za wavuti, mwaka 1995, na mwaka huo huo Brendan Eich aliiunda JavaScript, lugha ya programu inayoendeshwa ndani ya kivinjari, akiwa katika kampuni ya Netscape. Mojawapo ya kazi za mwanzo za lugha hiyo ilikuwa kukagua fomu kabla haijasafirishwa kwenda kwenye seva, yaani kompyuta inayoipokea, enzi ambazo kusubiri jibu la seva kulikuwa kunachosha kwelikweli. Kwa miaka mingi kila msanidi aliandika ukaguzi wake mwenyewe, mpaka HTML5, iliyopitishwa rasmi na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwezi Oktoba 2014, ilipoihamishia sehemu kubwa ya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Leo sifa ya required, yaani neno linaloongezwa kwenye kisanduku ndani ya HTML, hukataa kilicho kitupu, minlength hudai urefu wa chini, pattern hulinganisha maandishi na ruwaza uliyoiweka, na aina ya email hukagua umbo la anwani, yote hayo bila mstari hata mmoja wa JavaScript. Anayeanza mradi wake kwa kuandika upya mambo haya anajibebesha mzigo ambao kivinjari kilikwisha kuupokea.

Kabla ya ukaguzi, msingi wenyewe uwe imara. Kila kisanduku kiwe na lebo iliyounganishwa nacho kwa sifa ya for, na maandishi hafifu ya placeholder yasichukue nafasi ya lebo, kwani hutoweka mtumiaji anapoanza kuandika, naye akisita katikati hana pa kukumbushwa alichoulizwa. Kisanduku kisicho na sifa ya name hakitumi chochote. Kitufe kilichomo ndani ya fomu bila kutajiwa aina yake hugeuka kuwa kitufe cha kutuma, na hapo ndipo kitufe cha kuonyesha nenosiri kinapoishia kuituma fomu nzima kabla ya wakati.

Hata hivyo, kuutumia ukaguzi wa kivinjari bila kuujua mipaka yake ni hatari. Aina ya email huikubali anwani kama a@b, kwa sababu viwango havidai nukta baada ya alama ya @. Sifa ya required huridhika na nafasi tupu zilizopigwa kwenye kisanduku cha maandishi. Minlength na pattern hunyamaza kabisa kisanduku kikiwa kitupu, hivyo nenosiri lenye minlength ya 8 lakini lisilo na required hupita bila kuandikwa. Kuhusu nambari ya simu, wengi huchagua aina ya number kwa kuvutwa na jina lake, ilhali aina hiyo imekusudiwa viwango vinavyohesabika. Haikubali alama ya kujumlisha mwanzoni, na katika baadhi ya vivinjari gurudumu la kipanya huweza kuibadilisha nambari bila mtumiaji kutambua. Aina ya tel ndiyo inayofaa, lakini haikagui chochote yenyewe. Inayobaki ni kazi yetu ya kuondoa nafasi na vistari, kisha kuangalia kwamba tarakimu hazizidi 15, ambao ndio ukomo wa nambari za kimataifa kwa kiwango cha E.164. Natilia mkazo neno kuondoa. Programu inayoweza kufuta nafasi kwa amri moja haina haki ya kumwagiza mwanadamu azifute yeye.

Nenosiri la pili ndilo linalotufikisha kwenye JavaScript bila hiari, kwa sababu hakuna sifa ya HTML inayolinganisha visanduku viwili. Njia iliyo safi ni setCustomValidity, amri ya JavaScript ambayo hukipa kisanduku ujumbe wa kosa, na tangu hapo kivinjari hukihesabu kuwa si halali. Ugumu umejificha katika hatua ya kurudi: kosa hilo halijifuti, bali hubaki mpaka uite amri ile ile kwa matini tupu, na asiyefanya hivyo huwa ametengeneza fomu isiyoweza kutumwa kamwe, hata manenosiri yakilingana herufi kwa herufi. Tena, ulinganishaji usifanyike kwenye kisanduku cha pili peke yake. Mtumiaji akirudi kulibadilisha nenosiri la kwanza baada ya yote mawili kukubaliwa, nayo fomu isipokagua tena, itatuma manenosiri mawili tofauti huku ikionyesha kijani.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kuwa kiini cha zoezi zima, yaani wakati wa kusema. Teule ya :invalid katika CSS, lugha ya mapambo ya ukurasa, huchagua visanduku vyenye kosa ili vipakwe rangi, nayo hufanya kazi tangu ukurasa unapofunguka, hivyo kila kisanduku cha lazima hung'aa wekundu kabla mtu hajagusa kitu. Kuna pia fomu zinazokagua kila herufi inapopigwa, na mtu akiandika herufi ya kwanza ya baruapepe yake huambiwa papo hapo kwamba anwani si sahihi. Huyo ni karani anayemkaripia mteja kabla hajamaliza kulitamka jina lake. Teule ya :user-invalid, inayopatikana katika vivinjari vyote vikuu tangu 2023, husubiri mpaka mtumiaji ashughulike na kisanduku na kukiacha, au ajaribu kutuma fomu. Ukitumia JavaScript, utaratibu ninaoupendekeza una sura mbili zisizofanana: kosa jipya litangazwe mtu anapoondoka kwenye kisanduku, kwa tukio la blur, lakini kosa ambalo limekwisha kutangazwa likaguliwe kwa kila herufi, kwa tukio la input, ili litoweke mara tu linaporekebishwa. Kumchelewesha mtu kujua kwamba amepatia ni kumwonea.

Ujumbe wenyewe nao una uzito wake. "Ingizo batili" ni maneno ya mashine kwa mashine. "Nenosiri liwe na herufi zisizopungua 8, uliloandika lina 6" humpa mtu la kufanya. Sifa ya validity ya kila kisanduku hueleza sababu ya kukataliwa: valueMissing kilipoachwa kitupu, typeMismatch umbo lilipokosewa, tooShort maandishi yalipopungua, hakuna udhuru wa kutoa ujumbe mmoja kwa makosa matatu. Viputo vya ujumbe ambavyo kivinjari huvionyesha chenyewe vinaweza kutosha katika zoezi la kwanza, lakini huonekana kimoja kimoja, hupotea vyenyewe, na maneno yake ya kawaida hufuata lugha ya kivinjari badala ya lugha ya ukurasa. Anayetaka kuandika ujumbe wake aweke novalidate kwenye fomu ili kuvizima viputo hivyo, aite mwenyewe checkValidity, amri ya kukagua, kisha auweke ujumbe chini ya kisanduku kinachohusika na kuuunganisha nacho kwa sifa ya aria-describedby, pamoja na aria-invalid inayotangaza kwamba kina kosa, ili programu ya kusoma skrini iutamke. Mwongozo wa WCAG, unaohusu kurasa zinazofikiwa na watu wenye ulemavu, unakataza rangi kuwa njia pekee ya kufikisha taarifa, kwa hiyo mpaka mwekundu bila maneno hautoshi. Fomu ikikataliwa, kielekezi kipelekwe kwenye kisanduku cha kwanza chenye kosa.

Ukali wa kupita kiasi nao ni kosa la msanidi. Ruwaza inayokubali herufi za a hadi z pekee humwambia mwenye jina lenye ritifaa au kistariungio kwamba jina lake si jina. Kuhusu manenosiri, mwongozo wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa mwaka 2017 ulipendekeza urefu usiopungua herufi 8, ukashauri kutolazimisha mchanganyiko wa herufi kubwa, tarakimu na alama, na ukataka watu waruhusiwe kubandika. Fomu zinazokataza kubandika huwaadhibu hasa wale wanaotumia programu za kutunza manenosiri, ambao ndio waangalifu kuliko wote.

Yote niliyoyasema yanafanyika upande wa mtumiaji, na upande huo hauna ulinzi. Yeyote anaweza kufungua zana za msanidi, akaifuta required na kutuma apendavyo, au akaiandikia seva moja kwa moja bila kupitia kivinjari. Kwa hiyo seva lazima ikague kila kitu upya. Hata katika mradi usio na seva, andika method, yaani njia ya kutuma, kuwa post, kwa maana fomu isiyotajiwa njia hutumia get, ambayo huyaweka yaliyojazwa kwenye anwani ya ukurasa, na nenosiri huonekana wazi kwenye upau wa anwani na kubaki katika historia ya kivinjari. Seva inapokuwapo, huleta makosa ambayo HTML haiwezi kuyajua, kama vile baruapepe iliyokwisha kusajiliwa. Kosa hilo lirudi chini ya kisanduku chake kama mengine, lifutwe mtumiaji anapoanza kuibadilisha anwani, na yale mengine aliyoyaandika yabaki pale pale alipoyaacha.