Kabla Hujaniomba Mbegu za Mchicha

Asalaam alaykum. Bwana asifiwe. Na wale mliokuja kwa ajili ya pilau tu, karibuni pia. Pilau iko jikoni, haikimbii.

Mwenyekiti kaniambia niseme juu ya mapishi na bustani kwa mtu aliyeingia Uingereza karibuni, na kanipa nusu saa. Mnanijua, nusu saa mimi ni ya salamu. Mlionisikia mwaka jana mtanisamehe, maana nitayarudia yaleyale. Nayarudia kwa sababu nikifungua simu asubuhi nakuta ujumbe uleule: "Dada, una mbegu za mchicha wa nyumbani?"

Sina. Na usimtume mtu akufichie kwenye soksi, kwa sababu mbegu haziingizwi nchi hii bila cheti cha afya ya mimea. Zikionekana uwanja wa ndege zinakwenda na maji, na wewe unabaki unajieleza mbele ya foleni nzima. Lakini hata kama sheria isingekuwepo ningekujibu hivyohivyo, kwa sababu shida yetu haijawahi kuwa mbegu. Tunaishi katikati ya mboga na hatuzioni. Mwenyeji wetu anakula upande mmoja wa mmea, sisi tunakula upande wa pili. Yeye anataka mzizi na tunda. Sisi ni watu wa majani. Hebu hesabuni wenyewe: matembele, kisamvu, ambacho ndugu zangu wa Bukavu na Uvira wanakiita sombe, majani ya kunde, majani ya maboga, yaani msusa, mgagani. Nusu ya mboga zetu, kwa Mwingereza, ni kitu cha kutupa.

Sasa nitawasimulia ya mzee wa maboga. Najua, najua. Wageni hawajaisikia.

Mwaka wangu wa tatu hapa Leicester nilipata kipande cha shamba la kaunsili, yaani halmashauri ya mji, wanaokodisha vipande kwa wakazi walime. Jirani yangu wa shamba alikuwa mzee wa Kiingereza, mstaafu, ana kofia moja tu tangu nimjue. Alikuwa amepanda maboga, na maboga yenyewe yametambaa mpaka kwenye njia. Siku moja mwishoni mwa Agosti namkuta kapiga magoti, anakata majani. Anakata na zile ncha za mtambao, jamani, zile changa zenye vikono vinavyojikunja kama herufi, na anazirusha kwenye lundo la mboji. Nikamuuliza kulikoni. Akanieleza vizuri tu: ukikata ncha, mmea unaacha kukimbia na nguvu yote inakwenda kwenye maboga. Ukipunguza majani, jua linafika kwenye boga nalo linakomaa kabla baridi haijaingia. Sababu yake ilikuwa sahihi kabisa. Tatizo ni kwamba alikuwa anatupa mnofu na kutunza mfupa.

Nikamwomba yale majani. Akanitazama, akaniuliza: "Una sungura wangapi?"

Nikahesabu haraka. Watoto watatu, mume, na mimi. Nikamwambia: "Watano."

Nilirudi nyumbani na mfuko mzima. Sasa ninyi vijana mliolelewa na mboga ya pakiti, sikilizeni, hapa ndipo mnapoharibu. Jani la boga halipikwi lilivyo. Unavunja kikonyo kwa juu, unavuta, na ule uzi unashuka nao mpaka chini ya jani. Unarudia upande wa pili. Usipofanya hivyo utakula kamba. Halafu yale manyoya. Yafikiche majani kwenye maji, kwa viganja viwili, kama unavyofikicha ukosi wa shati la shule, mpaka maji yageuke kijani na jani lilegee. Ndipo unakata. Chemsha kidogo, si kwa kulifisha. Kitunguu, nyanya, halafu karanga. Kama huna za kutwanga, nunua siagi ya karanga ya dukani, ila soma nyuma ya kopo: iwe karanga peke yake. Wengi wetu tumepika mboga yenye sukari bila kujua, tukasingizia majani ya Ulaya hayana ladha.

Kesho yake nikampelekea bakuli. Alikula amesimama, kwa uma, kofia kichwani. Akamaliza. Akaniuliza ni mboga gani. Nikamwambia: "Takataka zako za jana." Akafikiri kidogo, akasema ni nzuri, ila karanga zimezidi. Mnaona mambo hayo? Majani yake mwenyewe, alishayatupa, sasa ananikosoa karanga!

Tangu hapo kila Agosti nakuta mfuko umening'inizwa kwenye geti langu, na juu yake kaandika kwa kalamu nene: SUNGURA.

Sasa kuna mtu hapo nyuma, namwona, ana uso wa kusema: "Mama, sisi tumekuja Ulaya, unaturudisha kwenye msusa?" Huyo ndiye ninayemkuta Jumamosi dukani analipa pauni mbili na nusu kwa kishada cha mchicha kilichopanda ndege, kimenyauka, kimefungwa mpira. Mchicha uliosafiri ni wa heshima, jani bichi la jirani ni la umaskini. Haya. Basi mjue kwamba hawa wenyeji wenyewe walikula kwa kadi, chakula cha kugawiwa kwa kipimo, kuanzia 1940 mpaka 1954. Vita vilikwisha 1945, kadi za chakula zikaendelea miaka tisa. Bustani za maua zikalimwa viazi na kabichi. Mkiwaona wazee wao wanaweka kila kipande cha kamba na kila kopo, msiwacheke.

Na kwa kuwa nimetaja viazi, nisimame hapa, hili ndilo la kuondoka nalo hata ukisahau yote.

Mdogo wangu alipofika kutoka Muheza, wiki ya kwanza nilikuwa zamu ya usiku. Nikamwambia: "Ukitaka mboga, nenda shambani, chuma majani ya viazi." Nilimaanisha matembele yangu kwenye banda la nailoni. Nilirudi asubuhi nimechoka, nakuta sinia la majani juu ya meza, yameoshwa, yanasubiri kisu. Nikayatazama. Yalikuwa majani ya viazi mviringo. Alichuma mstari mzima, maskini, kwa bidii.

Kosa lilikuwa langu, na kosa lilikuwa la lugha. Sisi tunasema kiazi kitamu, kiazi mviringo, kama watoto wa mama mmoja. Si ndugu hata kidogo. Kiazi kitamu ni jamaa wa yale maua yanayofunguka asubuhi na kusinyaa mchana, na majani yake ni chakula. Kiazi mviringo ni jamaa wa nyanya na bilinganya, na majani yake yana sumu, solanini, ambayo kuchemsha hakuiondoi. Ndiyo hiyohiyo iliyomo kwenye kiazi kilichogeuka kijani. Nyumbani hakuna anayekosea, maana mtu wa matembele na mtu wa viazi mviringo hawakai mlima mmoja. Hapa vyote viko hatua tatu mbali, na wewe umetoka kazini una usingizi.

La pili ni rubabu, wao wanaiita rhubarb, ule mmea wenye vikonyo vyekundu wanaoufanyia kitindamlo. Jani lake ni pana, la kijani, linavutia, mtu wa Pwani akiliona mkono unamwasha. Liache! Kikonyo ndicho chakula, jani ni sumu. Na msidhani ni ujinga wa wageni tu, maana wakati wa Vita vya Kwanza Waingereza waliambiana wale majani hayo kwa kubana chakula, na watu wakadhurika. La tatu, mnavu. Mmea unaofanana nao unajiotea huku, lakini una jamaa zake wabaya sana, na mimi, binti wa mkulima, siuchumi. Mtu asinishike shati hapa mlangoni aniambie bibi yake alikuwa anaula. Bibi yako hakuwa Leicestershire.

Salama ni haya: majani ya maboga, majani ya bitiruti, ambayo madukani wanayakata kabisa kabla ya kuuza, majani ya figili, na ncha za njegere. Zile kunde pana ambazo Wamisri wanapikia ful, Waingereza wanakata ncha zake wadudu weusi wasiingie. Ncha hizo zinalika, ila kama kwenye familia yenu kuna mtu aliyeambiwa hospitali ana upungufu wa G6PD, ile kasoro ya damu ya kurithi, mmea huo asiuguse kabisa. Sukuma wiki sihitaji kuwafundisha Wakenya. Mmea ule unaipenda baridi, na baada ya jalidi, yaani umande ulioganda, unakuwa mtamu zaidi. Adui yake ni njiwa, weka wavu.

Na mchicha wenyewe. Nilisema sina mbegu, na ninyi mkanuna. Nendeni duka la mbegu za maua, mtafute pakiti yenye picha ya mashuke mekundu yanayoning'inia kama mikia. Huo ni mchicha. Lengalenga, kwa ndugu zangu wa Kongo. Mwingereza anaupanda mbele ya nyumba kwa ajili ya kutazama. Mnapita kila siku, mnasema "maua mazuri". Nunua pakiti ya mbegu, si mche, kwa sababu mche wa maua umepuliziwa dawa zisizo za chakula. Panda Juni, chuma majani yangali machanga, basi.

"Mimi nakaa ghorofa ya nne, shamba nitalitoa wapi?" Nilikuwa nakusubiri. Ndoo moja dirishani inatosha mchicha wa mboga mbili tatu. Na mashamba ya kaunsili si hisani. Yana sheria, ya mwaka 1908. Wapiga kura sita wakiandika barua pamoja kwamba mashamba yanahitajika eneo lao, kaunsili inapaswa kulizingatia ombi hilo. Sita! Hapa tuko wangapi, na bado tunasubiri nani atuandikie? Kipande kizima ni kama mita za mraba 250, usikichukue chote, utatoroka mwezi wa pili. Omba nusu. Udongo wa huku Midlands, katikati ya Uingereza, ni wa mfinyanzi, ukilowa unabaki na kiatu chako. Foleni ni ndefu, kweli. Basi jiandikishe leo, maana miaka itapita hata usipojiandikisha.

Nilitaka kusema juu ya Belgrave Road pia, ile barabara ya maduka ya Wahindi hapa mjini. Kwa kifupi tu. Mwaka 1972 Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90, na kaunsili ya mji huu ikatoa tangazo kwenye gazeti la kule Uganda kuwaambia wasije Leicester. Wakaja. Leo ukitaka muhogo unawafuata wao, na wanauita "mogo", neno letu limekatwa kiuno. Ingia dukani, mwamkie yule mama mzee kaunta kwa Kiswahili, "shikamoo", uone kama hutapata bei nyingine. Mimi nilipata bei nyingine na bizari juu.

Naonyeshwa saa. Mwenyekiti, nimeiona.

Haraka basi. Jua la Aprili la nchi hii ni jua la picha, msilifuate. Nyumbani tunafuata mvua, huku tunafuata baridi, na jalidi ya usiku mmoja wa Mei inatosha kugeuza maboga yako kuwa kamasi nyeusi. Mimi ilinipata mara mbili, ya pili kwa kiburi. Kwa huku kwetu, kisichopenda baridi kikae ndani mpaka Juni ianze. Sufuria zenu za alumini: mkihamia nyumba yenye yale majiko ya kioo ya sumaku, hazishiki moto, zitakaa pale kama mapambo, kwa hiyo kabla ya kununua sufuria peleka kile kisumaku cha friji, kikinata chini ya sufuria ni sawa. Maharage mekundu yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kuingia kwenye yale majungu ya umeme ya moto mdogo, vinginevyo nyumba nzima mtagombania choo. Futari: boga la kuchonga sura la Oktoba ni maji matupu, tafuteni lile la ganda la kijivu liitwalo Crown Prince. Boga likiwa chungu ulimini, tema, tupa, usilipe nafasi ya pili.

Chapati na king'ora cha moshi nitaviacha, ingawa vilistahili nusu saa yao.

Kuna ndoo ya bluu pale mlangoni. Ndani yake mna marando ya viazi vitamu. Niliweka kiazi cha dukani nusu kwenye maji dirishani mwezi wa tatu, kikaota, nikavunja machipukizi yakatoa mizizi. Kiazi chenyewe hapa hakinenepi sana, jua linakuwa fupi kabla hakijashiba, na ndiyo maana wenyeji wanakilalamikia. Sisi tunataka nini na kiazi? Kila nyumba ichukue marando matatu. Yasitoke nje kabla ya Juni. Na ndoo ni yangu, jamani, mwaka jana mliondoka nayo.