Pezi la Balsa: Mazungumzo na Warushaji wa Roketi Ndogo

Ndugu zangu, ahsanteni kwa kuja. Kipande hiki nilichokishika ni mti wa balsa. Kipitisheni mkono kwa mkono, mkione kilivyo chepesi. Wengi wenu mmeanza na roketi ambazo mapezi yake, yale mabawa madogo ya chini yanayoinyoosha, ni ya plastiki na yametoka kiwandani tayari: unafungua boksi, unachomeka, unarusha. Sisi wa zamani tulianza na kipande kama hiki, kisu, msasa na gundi. Leo nataka niwaeleze kwa nini bado nakitamani.

Mchezo wenyewe ulizaliwa Marekani, katika mji wa Norfolk, Nebraska. Mwaka 1954 Orville Carlisle, muuza viatu, akisaidiana na nduguye Robert, alitengeneza roketi ya karatasi yenye injini ndogo ya baruti na parachuti ya kuirudisha chini salama. Miaka mitatu baadaye Sputnik, setilaiti ya kwanza, ikapaa, na vijana wakashikwa na homa ya anga. Walikuwa wakishindilia kemikali ndani ya mabomba ya chuma, na wapo waliopoteza vidole, wapo waliopoteza maisha. Injinia G. Harry Stine alikuwa ameandika kuhusu hatari hiyo. Carlisle aliposoma, akamwandikia barua kumweleza kuhusu roketi yake na injini yake. Mwaka 1958 Vern Estes akaunda mashine ya kutengeneza injini hizo kwa wingi, akaiita Mabel. Basi kila mara mnapochomeka injini iliyo tayari badala ya kuchanganya baruti wenyewe, mnafaidi kazi ya watu hao.

Sasa turudi kwenye balsa. Itazameni kwa karibu, mtaona nyuzi zake zimelala upande mmoja. Roketi yangu ya kwanza niliikata mapezi nyuzi zikiwa zimelala sambamba na bomba, yaani mwili wa roketi. Machoni yalipendeza sana. Iliporushwa, pezi moja likakatika pale pale shinani, roketi ikapinda na kujibamiza ardhini. Nililiokota lile pezi: lilikuwa limepasuka kwa kufuata uzi, mstari mnyoofu kabisa. Tangu siku hiyo sijakata pezi bila kuhakikisha nyuzi zinafuata ukingo wa mbele, zikitoka kwenye bomba kwenda nje. Hakuna aliyenifundisha. Ule mpasuko ulinitosha.

Halafu msasa. Ukingo wa mbele unauviringisha, wa nyuma unauchonga mpaka uwe mwembamba. Unapaka dawa ya kuziba vinyweleo vya mti, unasubiri ikauke, unapiga msasa, unapaka tena. Mara tatu, mara nne, mpaka kidole kikipita kisiweze kujua kama ni mti au ni kioo. Kubandika nako kuna adabu yake. Unapaka gundi kwenye pezi na kwenye bomba, unaiacha ikauke, ndipo unapaka ya pili na kushikiza. Likishashika, unapitisha gundi nyingine pembeni na kuilainisha kwa ncha ya kidole, ibaki mbonyeo mdogo unaofunga pezi na bomba viwe kitu kimoja. Unailaza roketi gundi isichuruzike, unakwenda kulala.

Nikiri kwamba hicho ndicho ninachokikumbuka kuliko mruko wenyewe: kuamka asubuhi na kukimbilia mezani kugusa kama imekauka.

Kabla ya kurusha tulikuwa na jaribio la kamba. Unaweka injini, unatafuta mahali roketi inapojisawazisha, unafunga kamba hapo, unaizungusha juu ya kichwa. Ikitanguliza pua, iko salama. Ikiyumba au kwenda kinyume, unaongeza uzito puani au unakata mapezi makubwa zaidi. Mwaka 1966 James Barrowman alitoa hesabu za kutafuta kitovu cha msukumo wa hewa, ili kujua kama roketi itaruka sawa, na leo programu ya kompyuta inakupa jibu kabla hujakata chochote. Mimi mwenyewe naitumia, na ninaithamini. Lakini kamba ikikuvuta mkononi, unahisi roketi inavyougeukia upepo, na hilo skrini haikupi.

Mnazijua injini za B6-4. B maana yake nguvu yake yote haizidi newtoni-sekunde 5. 6 ni wastani wa msukumo kwa newtoni. 4 ni sekunde za kungoja baruti ikiisha, kabla parachuti haijasukumwa nje. Sekunde 4 hizo roketi inapanda kimya, ikiacha uzi wa moshi. Ukiwa umeichonga mwenyewe, kila pezi unalijua. Unajua lipi lilikusumbua, lipi lina kovu la msasa chini ya rangi. Macho yako hayabanduki mpaka usikie ule mlio mdogo, parachuti ikafunguka.

Mezani nimeweka vipande vya balsa, visu na msasa. Chagueni kwanza upande wa nyuzi, halafu ndipo mchore. Nitapita kwa kila mmoja.