Mpiga Rithimu Aliyeshika Usukani: Malcolm Young na AC/DC

Mabibi na mabwana, na hasa ninyi vijana wa bendi mliokaa huku mbele na magita yenu, habari za jioni.

Nimeombwa nizungumzie kazi ya kuongoza bendi. Nimeamua kumshika mtu mmoja tu na kwenda naye hadi mwisho: Malcolm Young wa AC/DC, bendi ya roki ya Australia. Najua mkisikia AC/DC macho yenu yanamwendea Angus, mdogo wake, yule mwenye kaptula na koti la shule, anayekimbia jukwaa zima akipiga solo. Malcolm alikuwa nyuma, karibu na ngoma, amevaa fulana na jinzi, mguu unapiga sakafu. Ukifika wakati wa kuitikia alisogea kwenye maikrofoni, akaitikia, kisha akarudi kinyumenyume hadi mahali pake. Na bendi ile ilikuwa yake. Aliiunda yeye, akamwita Angus aingie, na kwa miaka 40 neno la mwisho juu ya wimbo gani urekodiwe na nani ashike ala gani lilikuwa lake.

Kwenye bendi zetu za dansi tunajua heshima anayopewa mpiga solo. Mpiga rithimu mara nyingi hata jina lake halitajwi redioni. Ndiyo maana nimemleta huyu mtu mbele yenu.

Alizaliwa Glasgow, Uskoti, tarehe 6 Januari 1953, katika familia ya watoto wanane. Mwaka 1963, baada ya baridi kali kupita kiasi, familia ilihamia Australia, ikafikia kwenye hosteli ya wahamiaji ya Villawood, Sydney. Hapo hosteli kaka yao George alikutana na kijana wa Kiholanzi, Harry Vanda, wakaunda bendi ya Easybeats. Mwaka 1966 wimbo wao “Friday on My Mind” ulivuma mpaka Uingereza. Hebu fikirini: mtoto wa miaka 13 anaona wasichana wamejazana nje ya nyumba yao wakimlilia kaka yake. Lakini mtoto huyo huyo aliona na upande wa pili. Easybeats ilivunjika mwaka 1969 ikiwa na madeni, na George na Harry wakabaki London wakifanya kazi za studio ili walipe. Naamini ukali wote wa Malcolm katika mambo ya bendi ulianzia hapo. Alijua mapema kwamba wimbo unaweza kuvuma na mwenye wimbo asione senti.

Shule aliiacha akiwa na miaka 15. Akawa fundi wa kukarabati cherehani katika kiwanda cha sidiria. Usiku anapiga gita.

Mwaka 1973 George na Harry walimwingiza studio yeye na Angus kurekodi nao. Kazi ile ilifanywa kwa kupandisha sauti juu ya sauti, gita juu ya gita. Malcolm hakuipenda. Yeye alitaka watu wachache ndani ya chumba kimoja, wapige pamoja, kinachosikika kiwe ndicho kilichopigwa. Mwaka huo huo, mwezi wa Novemba, akaanzisha bendi yake. Jina walipewa na dada yao Margaret, aliyeona herufi AC/DC kwenye cherehani. Usiku wa tarehe 31 Desemba 1973 walipiga kwenye klabu ya Chequers mjini Sydney.

Sasa nataka tulitazame gita lenyewe, maana hapa ndipo ninapompenda zaidi. Lilikuwa Gretsch la mwaka 1963, lililomfikia kutoka kwa Harry Vanda. Alilikwangua rangi hadi ukabaki mti mtupu. Akang'oa vinasa-sauti vyake, akabakiza kimoja tu, kile cha karibu na daraja la nyuzi. Ukiangalia picha zake utaona tundu limebaki. Akafunga nyuzi nene, ambazo vidole vya wengi wenu visingezivumilia dakika kumi. Amplifaya hakuifungua mpaka mwisho ili ikwaruze. Watu hudhani sauti ile ni ya makelele. Sogeza sikio utakuta ni safi kabisa, kila uzi unasikika. Uzito wake unatoka kwenye mkono wa kulia.

Chukueni mwanzo wa “Back in Black”. Gita linagonga mara moja, kisha kimya. Linagonga tena, kimya. Ndani ya ule ukimya ngoma peke yake inatembea. Mpiga gita mchanga akifika hapo mkono unamwasha, anataka kujaza. Malcolm anaziba nyuzi kwa kiganja na kungoja. Bendi nzima inangoja pamoja naye, na wote wanarudi kwa pigo moja. Mambo hayo hayaji kwa bahati. Yanakuja kwa mazoezi, na kwa mtu mmoja ndani ya chumba ambaye hakubali pigo lililochelewa hata kidogo.

Mwaka mzima nasikia watu wakisema nyimbo za AC/DC zote ni moja. Sikubaliani nao hata kidogo. Linganisheni “Highway to Hell” na “Thunderstruck”. Ya kwanza inasimama juu ya mapigo machache yenye nafasi kubwa katikati. Ya pili inaanza na Angus akikimbiza vidole bila kupumua, na bendi inaingia polepole nyuma yake, hatua kwa hatua, mpaka chumba kinajaa. Kinachofanana ni nidhamu, na hiyo ni sifa.

Kuhusu kutunga: majina yaliyoandikwa kwenye nyimbo zao nyingi za mwanzo ni matatu, Young, Young na Scott. Ndugu wawili walileta mapigo ya gita, na mwimbaji Bon Scott, aliyejiunga mwaka 1974, alileta maneno kutoka kwenye madaftari yake. Malcolm mwenyewe aliweza kupiga solo, na mwanzoni waligawana. Baadaye akamwachia Angus zote. Angalieni uamuzi huo: mwenye bendi anajiondolea sehemu inayopigiwa makofi kwa sababu ameona wimbo unakwenda vizuri zaidi mwingine akiishika.

Lakini nisiwafiche. Hakuwa mtu mwepesi. Mwimbaji wa kwanza, Dave Evans, aliondolewa. Wapiga besi walibadilishwa. Mwaka 1983 Phil Rudd, ambaye kwangu mimi ndiye mpiga drams aliyemfaa Malcolm kuliko wote, alifukuzwa, na sauti ya bendi ikapungua kitu kwa miaka kadhaa. Alirudi mwaka 1994. Kiongozi aliyemtimua ndiye aliyemfungulia mlango, na hilo nalihesabu upande wake.

Tarehe 19 Februari 1980 Bon Scott alifariki London, akiwa na miaka 33. Albamu yao ya mwaka uliotangulia ilikuwa imewafungulia soko la Marekani. Majivu yake yalizikwa Fremantle, Australia, na wazazi wa marehemu wakawahimiza wenzake waendelee. Hapo kati ya msiba, Malcolm alimpigia simu Angus. Hakuwa na mpango wowote wa kibiashara. Alichopendekeza ni wakutane wapige gita, wawe na cha kufanya mikono ikiwa na huzuni. Wawili tu, chumbani. Kutoka chumba hicho ilitoka albamu ya “Back in Black”. Walimchukua Brian Johnson wa bendi ya Geordie, mwimbaji ambaye Bon mwenyewe aliwahi kumsifu mbele yao, wakaenda kurekodi Nassau, Bahamas. Tarehe 25 Julai mwaka huo huo ilikuwa madukani, jalada jeusi tupu kwa ajili ya maombolezo, na sauti ya kwanza inayosikika ni kengele. Inakadiriwa kwamba nakala zaidi ya milioni 50 zimeuzwa duniani.

Mwaka 1988 pombe ilimshinda, akaondoka katikati ya ziara kwenda kutibiwa. Mtoto wa kaka yake, Stevie Young, alishika nafasi yake, na wasikilizaji wengi hawakugundua. Malcolm alirudi, na mwaka 1990 walitoa albamu yenye “Thunderstruck”.

Sehemu ya mwisho inaniuma kuisema. Walipokuwa wakitengeneza albamu ya mwaka 2008 kumbukumbu yake ilianza kuyumba. Kwenye ziara ilibidi ajifunze upya nyimbo alizozitunga mwenyewe, akae kabla ya onyesho na kurudia mapigo ambayo mkono wake ulikuwa umeyapiga miaka 30. Aliimaliza ziara ile, Juni 2010. Mwaka 2014 familia ilitangaza kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na hatarudi. Alifariki Sydney tarehe 18 Novemba 2017, akiwa na miaka 64, wiki chache tu baada ya kaka yake George. Stevie ndiye yuko pale karibu na ngoma sasa. Na albamu ya mwaka 2020 ilipotoka, nyimbo zote ziliandikwa kwa majina mawili, Young na Young, kwa kuwa zilijengwa juu ya mapigo ambayo ndugu hao walikuwa wameyatunga pamoja.

Kabla ya maswali, nitaweka rekodi. Gita moja limewekwa sikio la kushoto, jingine la kulia. Solo ikianza, kila mmoja wenu aifuate kwa nusu dakika, kisha aiache, ahamie kwenye gita lile lililobaki nyuma yake. Sikilizeni linapiga mara ngapi, na linanyamaza wapi.