Breki ya trials imelegea? Usinunue pedi kwanza

Mambo vipi wakuu, karibuni tena uani kwetu. Leo tunashughulika na breki ya mbele ya huyu mnyama: pikipiki ya trials, ule mchezo wa kupita mawe na vilima bila mguu kugusa chini; ni mtumba, ya Kihispania. Haina siti, kwa hiyo msiniulize abiria anakaa wapi. Jumapili niliipeleka vilima vya Pugu. Nashuka mteremko, nimebana breki kwa kidole kimoja kama mchezo huu unavyotaka, yenyewe ikaendelea na safari zake. Nikapokewa na mkorosho.

Kidole kimoja si maringo. Vingine vinashika usukani, maana huku unaendesha umesimama, na mguu ukigusa chini ni pointi ya adhabu. Toni Bou, aliyeanza kubeba ubingwa wa dunia wa trials mwaka 2007, mtazameni mkono wake siku moja.

Sasa, pedi nauza, mnajua. Ila leo sikuuzii. Breki za hizi pikipiki zikilegea, mara nyingi ni uchafu na upepo.

Bana mkono wa breki. Ukibonyea kama sponji mpaka ukaribie usukani, ndani kuna upepo. Ukiwa mgumu lakini tairi halishikwi, pedi zimeng'aa au zimelamba mafuta. Ya kwangu ina yote mawili, nipeni hongera.

Kufungua kalipa, kile kibano kinachobana pedi kwenye diski, hatupotezi muda: bolti mbili, pini, pedi zinatoka. Mpwa, leta simu huku, unarekodi kuku.

Haya. Hapa kuna pistoni nne. Bana breki taratibu zitoke milimita chache tu, ukizidisha utaziokota chini. Mnaiona hii ya pembeni? Wenzake wametoka, yenyewe imegoma, tope limeganda. Zile tatu zizuie kwa kipande cha mbao, bana tena... hiyo, inakuja. Sugua na mswaki wa zamani na mafuta ya breki, kisha zote zirudishe ndani kwa dole gumba. Na nyie mafundi wa kuosha kila kitu kwa petroli, hapa hapana. Petroli inavimbisha mipira ya ndani, utarudi kwenye tatizo hilo hilo.

Pedi, weka msasa namba 120 juu ya kioo, lowanisha, sugua kwa mduara mpaka mng'ao uishe. Zilizokunywa mafuta tupa. Wapo wanaozichoma moto. Mimi nilichoma, zikashika siku mbili. Diski ni msasa kidogo, spiriti, tambara safi, na vidole vyako mfukoni.

Sasa kutoa upepo. Pedi USIRUDISHE. Narudia: pedi ziwe mezani, chumbani, kwa jirani, popote isipokuwa hapa. Katikati ya pistoni weka mbao. Mwaka jana niliziacha humu, mpira wa kupitishia mafuta ukachomoka, pedi mpya zikaoga. Mpya kabisa, wakuu, hata mtaa wa pili hazijafika.

Mafuta ya breki, soma kifuniko cha masta, kile kikopo cha mafuta kwenye usukani. Hii inataka aina ya DOT 4. DOT 5 ni silikoni, usichanganye. Na ile chupa iliyofunguliwa tangu mwaka juzi iache. Mafuta haya yanavuta unyevu, na unyevu wa Dar mnaujua, chumvi yenyewe inagandamana mezani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230; ikishashiba maji, kiwango kinashuka hadi 155.

Nyonya ya zamani kwenye masta kwa bomba la sindano, la duka la dawa tu. Oneni rangi, kahawa ya kijiweni hii! Bomba la pili lijaze mafuta mapya, toa upepo wake, chomeka mpira wa kuonyesha ndani kwenye nipeli, kile kichuchu cha kutolea upepo kwenye kalipa. Funga mpira kwa waya. Kwa waya! Spana namba 8, fungua nusu raundi, sukuma kutoka chini, maana upepo wenyewe unapenda kupanda. Pole pole... pole pole... Tambara! Mpwa, tambara!

Mmeona? Waya sikuukaza. Na ningekuwa na pedi humu sasa hivi ningekuwa nalia. Mwagia maji haraka, haya mafuta yanakula rangi.

Tumerudi, waya umekazwa na koleo. Nasukuma... angalia kwenye masta, kiputo hicho, kingine. Juu pakikaribia kujaa, nyonya. Viputo vikiisha, funga nipeli KWANZA ndipo uchomoe mpira.

Funika masta, bana mkono wa breki, ufunge na ukanda wa tyubu, nenda kalale.

Asubuhi hii. Nimetoa mbao, pedi zimerudi, bolti zimekazwa. Kabla hujapanda bana mara nyingi mpaka mkono ugangamale, la sivyo breki ya kwanza ni hewa tupu na mkorosho unakusubiri. Halafu zunguka uani huku unabana kidogo kidogo, mara kumi, kumi na tano, pedi zizoeane na diski.

Haya, kidole kimoja... Eeeh! Tairi la nyuma limenyanyuka! Mpwa, umelipata hilo?

Mpwa. Hao kuku wanakulipa?