Acheni Kukaza Nati: Bushi, Traki na Kukata Kona

(Mhadhara kwa vijana wa skeitibodi, Mbeya)

Haya jamani tukae basi. Waliotoka Iringa kamwene, wenyeji wa hapa ndaga kwa kuja na baridi yote hii. Skeitibodi ni nini sitaeleza, mmezikalia hapo. Traki, yaani kile chuma cha chini kinachoshika tairi, ya kawaida na ile ya kingipini iliyogeuzwa (bolti yake kubwa ya katikati inatazama nje) mnazijua, na kwa kazi ya leo, yaani kukata kona, kupampu (kujisukuma kwa kulaza ubao huku na huku bila kukanyaga chini) na slalomu (kupita katikati ya koni zilizopangwa), mimi nazungumzia iliyogeuzwa. Walioniita wamenipa orodha ya kufuata: ubao, tairi, beringi, traki. Sasa mimi naanza na kitu ambacho kwenye orodha hakipo kabisa, nacho ni bushi, zile pete zinazonyumbuka zilizobanwa kwenye kingipini ya traki.

Nimelisema hili Soweto, nimelisema Forest, leo nalisema tena: usikaze nati ya kingipini ili ubao utulie. Acha.

Kuna dogo alikuja kwangu na ubao mzuri tu, traki nyuzi 50 (huo ni mwinamo wake), tairi mpya, analalamika kwamba ubao haukati kona halafu akishuka mteremko kidogo unaanza kuyumba, kwa hiyo anatafuta hela anunue ubao mrefu zaidi. Nikaugeuza nikatazama chini. Nati imekazwa mpaka bolti imetokeza huku nje, bushi imevimba pembeni kama andazi lililokaliwa, na imeshaanza kupasuka. Namuuliza nani kakufanyia hivi, ananiambia kaka, fundi pikipiki alisema kitu kikicheza unakaza. Kwenye pikipiki sawa! Bolti ya injini ikicheza kaza. Lakini bushi ya skeitibodi kazi yake ndiyo hiyo ya kucheza, imewekwa pale icheze, ibanwe upande mmoja, ikurudishe katikati, ibanwe upande wa pili, ikurudishe tena, na kila inapokurudisha ndipo unapopata mwendo. Ukiikaza mpaka mwisho umeshamaliza safari yake yote kabla hujaulaza ubao, ndiyo maana inagoma mwanzo halafu ghafla inaachia, na wewe unadhani traki mbovu.

Nikamuuliza una kilo ngapi. Zaidi ya 80. Na bushi zilizokuja na zile traki zilikuwa laini, za mtu mwepesi kuliko yeye, sasa badala ya kubadilisha bushi akakaza nati. Tukaweka ngumu zaidi, 87A mbele na 93A nyuma (namba ikiwa kubwa ndivyo inavyokuwa ngumu), nati tukailegeza. Ubao uleule, traki zilezile, ukakata kona na ukatulia. Vyote viwili kwa pamoja! Hela ya ubao mpya ikabaki mfukoni, maana bushi ni kitu cha bei ndogo.

Kwa hiyo shika hivi. Legeza nati, izungushe kwa vidole mpaka iguse washa, halafu spana nusu mzunguko, ukizidi sana mzunguko mmoja. Spana ya nati hiyo ni 9/16, ile ya nusu inchi ni ya nati za tairi, msilazimishe mkala kona za nati. Panda. Ukiona ubao unalegea mno, tafuta bushi ngumu zaidi. Ukiona mgumu, tafuta laini. Mtu wa kilo 60 mimi namwanzishia 80A hivi mbele na 85A au 87A nyuma, halafu anasogea mwenyewe kwa anavyosikia miguuni. Na umbo nalo lina kazi: ya koni inaachia kulala haraka, ya pipa inakusukuma kurudi, kwa hiyo ukitaka mbele pawe pepesi weka koni chini upande wa barabara na pipa juu upande wa ubao, nyuma weka pipa zote mbili.

Najua mtu anawaza hapo, Mwanjelwa kuna mafundi wa bushi za Coaster, si nikachongewe pale? Hapana. Raba ya gari imetengenezwa inyonye mtikisiko, iuue, abiria asiusikie. Wewe unataka kitu kinachorudisha, na hicho ni yurethani, plastiki inayonyumbuka na kurudi. Ukipampu kwenye raba ya gari utatoka jasho tu na ubao umesimama palepale.

Na baridi, watu wa huku tunaisahau hii. Yurethani ikipoa inakuwa ngumu. Bushi uliyoijaribu Dar ukaipenda, ilete hapa asubuhi ya Julai uone, utadhani umeuziwa nyingine. Kwa huku shuka hatua moja chini kwenye ugumu, au subiri jua litoke.

Haya, traki. Mbele na nyuma zisilingane! Namba ya nyuzi ikiwa kubwa, unalaza ubao kidogo traki inakata sana, ikiwa ndogo unalaza sana na inakata kidogo. Mbele ndiko kunakoongoza, kwa hiyo huko weka 50 au zaidi. Nyuma shusha, 30 huko au hata chini yake, kwa sababu nyuma ikikata sawa na mbele mkia unakimbilia nje, tairi zinaachia lami na ile nguvu uliyosukuma kwa mguu imepotea. Nyuma ikiwa tulivu unapata mahali pa kukanyagia, hapo ndipo unapampu, na ukishika spidi ule mtikisiko wa kuyumba unapungua. Kama huna hela ya traki mbili tofauti weka kabari chini ya traki, ya plastiki ngumu. Upande mnene ukae wapi? Funga, simama, laza ubao, kama mbele inakata zaidi kuliko mwanzo umepatia, kama inakata kidogo igeuze. Nyuma fanya kinyume chake. Na ukiweka kabari tafuta bolti ndefu, zile za mwanzo hazitafika.

Kuna wanaoniambia slalomu si skeitibodi, skeitibodi ni kuruka ngazi. Mashindano ya Del Mar, California, mwaka 1975 slalomu ilikuwemo, na hapo Alan Gelfand, mwanaskeitibodi wa Marekani, alikuwa bado hajaleta ule mruko mnaouita oli. Kwa hiyo msinambie tumezua kitu kipya.

Muda unaniishia, tairi niseme haraka. Barabara zetu nyingi ni lami ya kokoto, inatetemesha mpaka meno, kwa hiyo milimita 65 mpaka 70, ugumu 78A au 80A, kingo kali, zile za mviringo ni za kuteleza na wewe hutaki kuteleza. Ila tairi kubwa na bushi laini zikikutana tairi inagusa ubao, ubao unasimama pale pale na wewe unaendelea mbele, kwa hiyo ongeza raiza, kile kipande cha kuinua kinachokaa kati ya traki na ubao, ya milimita 6 au hata 12, halafu laza ubao kwa mkono uone kama inagusa kabla hujapanda.

Ubao wenyewe, koni za slalomu zikiwa za karibu karibu unataka ekseli zisiachane sana, sentimita 45 hadi 50 hivi, kwa kupampu safari ndefu ongeza. Udunde kidogo kwenda chini ni sawa, lakini usijipinde kwa kujisokota, ukijisokota traki hazipati unachoziambia. Picha iliyochorwa chini msiniulize.

Beringi naziacha, karibu zote ni saizi 608, ile namba ya ABEC inapima usahihi wa utengenezaji, haikupi kona. Toeni mchanga mtie oili.

Na mazoezi si mteremko wa Kitonga, si barabara kuu ya kwenda Tunduma, huko kuna malori. Tafuteni uwanja wa saruji Jumapili asubuhi, kateni chupa za maji katikati mzipange kila mita 2, helmeti kichwani. Spana nimekuja nayo na bushi ninazo za 78A mpaka 93A hapa mezani, njoeni mmoja mmoja mniambie kilo zenu, nyie wa mbele anzeni, na huyo mwenye ubao mwekundu naiona nati yake kutoka hapa, aje wa kwanza.