Soma Kosa Kabla ya Kubonyeza Tena

Asanteni kwa kuja, vijana wangu. Wengi wenu mnatoka kwenye meza za simu, kwa hiyo sitaeleza kwa kirefu kuflashi, yaani kuandika upya programu ya simu kwa kompyuta. Naanza na ule ujumbe wa kosa.

Kila wiki naona jambo lile lile. Fundi anaflashi, kosa linatokea, anabonyeza tena. Linarudi. Anabadili programu, anashusha faili jingine, mpaka simu iliyoletwa ikikwama kwenye logo inaondoka haiwaki kabisa. Na ujumbe wenyewe hajausoma! Ule ujumbe unakwambia kazi imekatikia hatua gani.

Chukueni simu yenye chipu ya MediaTek. Tecno na Infinix nyingi tunazopokea zina chipu hizo. Umebonyeza Download, kitufe cha kuandika faili kwenye simu, ndani ya SP Flash Tool, programu ya kuflashi simu hizo; umechomeka waya, kimya. Fungua Device Manager, orodha ya vifaa kwenye Windows, zima simu, chomeka huku ukikodolea macho sehemu ya poti. Jina la Preloader, programu ndogo ya simu inayoamka kwanza, likitokea, likakaa sekunde chache likatoweka, msikate tamaa: simu imebisha hodi, imekosa wa kuipokea. Tafuta kwenye kompyuta. Ukiona alama ya njano, tatizo ni draiva, programu ya kompyuta ya kuitambua simu. Kisipotokea chochote, badili waya kwanza, maana meza zetu zimejaa waya za kuchajia tu, zisizopitisha data.

Kosa la DRAM, memori ya kazi ya simu, mfano 4032, ni habari nyingine. Hapo mawasiliano yapo. Kilichoshindikana ni kuiwasha memori. Chaji betri, kisha kagua faili la scatter, ramani inayoonyesha kila sehemu ya simu inaandikwa wapi. Simu mbili zenye jina moja dukani zinaweza kuwa na memori tofauti, kwa hiyo linganisha modeli kamili, si jina la kwenye boksi.

Kwa Samsung, Odin, programu ya kuziflashi, ikiandika FAIL, acha kompyuta, tazama kioo cha simu. "SW REV CHECK FAIL", Device 5, Binary 4: simu iko toleo la 5, faili lako ni la 4. Hairudi nyuma hiyo, fyuzi ndani ya chipu zimeshaungua. Ungelijua hilo kabla ya kushusha faili: kwenye namba ya firmware, yaani programu ya simu unayoiweka, hesabu kutoka mwisho, alama ya tano ndiyo toleo hilo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Format All + Download, chaguo linalofuta simu nzima kabla ya kuandika. Nilipokuwa mgeni kwenye kazi hii, mama mmoja muuza samaki aliniletea simu yake. Kosa lilinisumbua asubuhi nzima, nikabonyeza hiyo. Simu ikawaka vizuri sana, nikafurahi. Nikaweka laini: hakuna mtandao. Nikapiga *#06#, IMEI, namba ya utambulisho wa simu, hakuna. Nilikuwa nimefuta NVRAM, zinapokaa IMEI na vipimo vya redio vya simu ile, na sikuwa na nakala. Wateja wake wote walikuwa wakimpigia kwa simu ile. Nilimnunulia simu nyingine, na uso wake sijausahau.

Kwa hiyo kwangu hakuna anayegusa Download kabla ya Readback, yaani kusoma data ya simu na kuihifadhi kwenye kompyuta. Anwani ya kuanzia na ukubwa wa NVRAM vimeandikwa ndani ya scatter; nakili, soma, hifadhi kwa jina la mteja. Tena faili lile msilifute mteja akishaondoka, anaweza kurudi.

Simu hii hapa imezimwa. Sogeeni, nachomeka waya. Tazameni poti.