Anzia kwa fili, usianzie kwa faili

Jambo kwenu wote, mapapa, mamama na vijana, asanti sana ya kufika na hii mvua, najua wale wa Ndosho wametoka mbali.

Niulize kwanza: nani hapa ako na fili ya seriali ndani ya sakoshi yake? Fili, ama waya kama wenzetu wa Tanzania wanavyosema. Naona mikono tatu. Sawa. Ninyi watatu mutaniunga mukono, juu hapa Goma tunajua vile umeme unakatika na kurudi mara ngapi usiku mumoja, seriveri inawaka, inafika katikati, inasimama inauliza kitu juu ya diski, netwaki haijaamka bado, unajaribu ssh, kuingia kwa mbali kupitia netwaki, toka nyumbani haijibu, unaita motari unaenda mwenyewe, na kule unakuta mashine haina hata skrini. Mulango uliobaki ni mumoja tu, ile tundu ya pini tisa nyuma. Njo maana nataka tuongee login ya teminali, ni kusema kuingia kwa mashine na jina na neno la siri, kwa porti ya seriali, ile tundu, na fasi gani mutu anaanzia kama imekataa.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwa ofisi moja ya hapa mujini. Kijana wa kule, mutu wa bidii kabisa, alikuwa siku mbili anabadilisha /etc/inittab, ile faili inayoambia mashine iamshe programu gani, anaandika, anafuta, anazima mashine, anawasha tena. Akaniambia: "Mukubwa, nimeandika kila kitu vile inatakiwa lakini login haitokei." Nikamuuliza, fili umeipima? Akanyamaza. Na faili yake nilipoisoma haikuwa na kosa hata moja kwa jina la porti wala kwa kasi. Fili ilikuwa nyoofu, pini 3 inaenda kwa pini 3, pini 2 kwa pini 2.

Hii kitu ikae kwa kichwa. RS-232 ni kanuni iliyotoka Marekani mwaka 1960, na ilifanywa kwa kuunga teminali, ile skrini na kibodi yake, na modemu, chombo cha kuunga na laini ya simu, hizo mbili zimepangwa kinyume, mumoja anasema fasi mwenzake anasikilizia. Kompyuta mbili zote zimejengwa kama teminali. Kwa kichwa ya pini tisa zote zinasemea kwa 3 na kusikilizia kwa 2, 5 ni aridhi. Ukiziunga na fili nyoofu umeweka mudomo kwa mudomo na sikio kwa sikio, hakuna atakayemusikia mwenzake mupaka kesho. Inataka fili ya kupishana, ile wanaita null modem.

Utajua aje bila kufungua kichwa ya fili? Chukua multimeta, kila fundi wa Birere anayo. Unga fili kwa seriveri peke yake, upande ule mwengine uache wazi, weka ncha nyeusi kwa pini 5 na nyekundu utafute. Laini ya RS-232 ikiwa imepumzika, yule anayesema anashikilia volti za negatifu, kanuni inaruhusu toka -3 mupaka -15, mingi utaona kati ya -5 na -12. Ukiziona kwa pini 2 fili imepishana, iko sawa. Ukiziona kwa pini 3 fili ni nyoofu. Usipoziona popote, fili imekatika ao porti imekufa, sasa toa fili upime kwa tundu lenyewe la seriveri utajua ni gani. Dakika mbili! Na mukuwe waangalifu na zile kadi ndogo za siku hizi zenye pini wazi za volti 3.3, ile haiko RS-232, ukichomeka RS-232 moja kwa moja pale unaichoma.

Laptopu yako pia uipime. Unganisha pini 2 na 3 za adapta yako na kipande cha waya, andika screen /dev/ttyUSB0 9600, halafu bonyeza herufi. Kama herufi zinarudi kwa skrini, adapta ni muzima. Kama hazirudi, usiguse seriveri hata kidogo, ugonjwa uko kwako. Na kama inakukatalia ruhusa kabla hata ya kufungua, kwa Linux ya Debian jiweke kwa kikundi cha dialout, toka, ingia tena.

Sasa tupande juu. Login haiko kitu kimoja, ni watu wanaopokezana. Kwa mupango wa zamani init, programu ya kwanza kuamka, anamwamsha getty, mulinzi wa laini, getty anafungua laini, anaweka kasi, anaandika login:, anasoma jina lako, anamupa kazi login, login anauliza neno la siri, akiridhika anakuachia shell, fasi ya kuandika amri. Kwa hiyo uangalie umefika kwa nani. Hata login: haujaiona, neno la siri haliko na makosa yoyote, juu ya nini unalibadilisha?

Turudi kwa ile ofisi, juu tulipoweka fili ya kupishana login: ilikataa tena, na hapa njo watu wengi wanakata tamaa. Unaandika ps, orodha ya programu zinazotembea, getty unamuona pale, muzima, lakini skrini nyeusi. Fili yetu ilikuwa ya nyaya tatu tu, 2, 3 na 5. Getty alikuwa anangoja pini 1, DCD, ile ishara ambayo zamani modemu ilikuwa inapandisha kusema "mutu amepiga simu, ako kwa laini". Bila ishara hiyo, laini isipokuwa na alama ya clocal, ya kusema hakuna modemu, ufunguzi wa porti unalala, na getty analala nayo. Hana kosa, anafanya kazi aliyopewa. Kwa Linux unamwambia agetty -L, maana yake laini ni ya hapahapa, usingoje modemu. Mustari unakuwa hivi: S0:2345:respawn:/sbin/agetty -L ttyS0 9600 vt100, halafu init q. FreeBSD, mufumo mwengine, wao wameweka jina zuri kabisa, ndani ya /etc/ttys unaandika getty 3wire, nyaya tatu, halafu kill -HUP 1. Na kwa mashine za systemd, ile iliyochukua fasi ya init wa zamani, hakuna inittab, ni systemctl enable --now serial-getty@ttyS0.service.

Lakini musikilize vizuri, -L iko na bei yake. DCD ikishuka, keneli, kiini cha mufumo, inakata kikao, inafukuza kila kitu kilichokuwa kwa laini ile. Ukishaiambia isiangalie DCD, siku utaingia kama root, yule mwenye ruhusa zote, utachomoa fili uende kula, kikao kinabaki wazi palepale, na yeyote atakayechomeka fili yake nyuma yako anakuta #, alama ya root, inamungoja. Mimi hii inaniogopesha kuliko neno la siri dhaifu. Kwa hiyo mukiweza, tengenezeni fili nzima: pini 4 ya upande huu iende kwa 1 na 6 za upande ule, na kinyume chake, pini 7 kwa 8. Hapo uweke getty bila -L, chomoa fili na kikao kinakufa. Kama munabaki na nyaya tatu basi wekeni angalau TMOUT=300 kwa bash, dakika tano bila kuandika, inatoka yenyewe.

Mengine napita mbio. Uchafu kwa skrini, alama za ajabu, ni kasi hazilingani, na huo uchafu ni habari njema juu fili inafanya kazi, jaribu 9600 na 115200 kwanza. Kwa 9600 yenye biti 8 bila pariti, kila herufi inakula biti kumi, juu kuna moja ya kuanza na moja ya kumaliza, kwa hiyo herufi 960 kwa sekunde, usishangae ukurasa ukishuka polepole. "Respawning too fast" ni getty anakufa kila akizaliwa, mara nyingi umeandika ttyS1 na porti ni ttyS0, angalia dmesg, ripoti ya keneli, na init akimufunga anamufunga dakika tano, kwa hiyo usidhani kusahihisha kwako hakukufaa. Skrini imeganda ghafla, bonyeza Ctrl-Q, pengine kidole kiligusa Ctrl-S. Herufi zote kubwa, uliandika jina lako kwa herufi kubwa na getty wengine wanadhani teminali yako ni ya zamani haina ndogo, toka uanze upya. Root anakataliwa na neno ni sahihi, ingia na mutu wa kawaida kwanza, akiingia, kwa mashine zenye /etc/securetty angalia kama ttyS0 imeandikwa ndani yake, ao kwa FreeBSD kama mustari uko na secure. Na vi, ile ya kuandika faili, ikipanguka yote, ni TERM, jina la aina ya teminali, weka vt100 na stty rows 24 cols 80.

Yule kijana login: ilipotokea alikaa chini, aliiangalia muda murefu, halafu akaniomba multimeta apime mwenyewe toka mwanzo.

Basi mimi nimeleta fili tatu hapa kwa meza: moja nyoofu, moja ya nyaya tatu, moja nzima, na sikuziandika majina. Mukuje wawiliwawili, multimeta ni hii, muniambie ni gani na gani.